Mashine ilijizima ili wasife, mbabula haijizimi



Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta maoni yangu juu ya moto tunaouwasha ndani ya nyumba. Nimekaa na neno hili kwa muda mrefu, na sasa mvua na baridi zimeanza tena naona nikinyamaza nitakuwa na kosa.

Ilikuwa Januari 2024, saa kumi na moja asubuhi. Simu yangu iliita nikashtuka. Kwetu hapa simu ya saa hiyo huleta mambo mawili tu, kifo au kukimbia. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Yeye alikimbia Masisi akiwa kijana, akakaa miaka mingi katika kambi huko Uganda, kisha akapelekwa Marekani, jimbo la Iowa, pamoja na mke wake na watoto. Kwao ilikuwa saa tatu ya usiku.

«Yaya, mashine ya joto imekufa,» aliniambia. «Nje ni digrii 25 chini ya sifuri. Mwenye nyumba hashiki simu. Niko na mfuko wa makala tuliyonunua ya kuchomea nyama. Mama watoto anasema tuyawashe nje katika sufuria kubwa, yakishika vizuri tuyaingize chumbani, tufunge mlango, tulale wote pamoja. Unaonaje?»

Aliniuliza mimi kwa sababu ndiye mkubwa, na kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa. Huko juu Masisi baridi ya usiku si mchezo. Mama zetu waliwasha mbabula nje, wakangoja moshi uishe, makala yakawa mekundu, ndipo wakaiingiza ndani. Nyumba ilikuwa ya udongo na majani, upepo ulipita kila mahali. Tuliamka wazima. Kwa hiyo tulijifunza kwamba makala yasiyo na moshi hayana ubaya.

Nilimwambia: «Usiyawashe. Hata kidogo. Hata kwa dakika kumi.»

Nilijua kwa nini. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilikwenda kuandika habari ya mama mmoja na watoto wake wawili waliokutwa wamekufa asubuhi ndani ya kibanda cha bashi. Hakukuwa na damu, hakukuwa na jeraha. Majirani walikuwa wamesimama nje wakisema karuho, wakisema mashetani, wakitaja hata jina la jirani mmoja. Mimi nilichungulia ndani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bashi ilikuwa imefungwa kwa kamba na kuzibwa kwa udongo kando zote ili maji yasiingie. Katikati, karibu na kichwa cha mtoto, palikuwa na mbabula. Makala yake yalikuwa majivu matupu.

Karuho haikuingia mle. Waliuawa na hewa.

Usiku ule mdogo wangu alinisikia. Aliwapeleka watoto wadogo kwa jirani yake, Mmarekani mzee ambaye hata hawakuwa wanasalimiana sana. Mzee yule aliwapokea, akawapa pia kikanza kidogo cha umeme. Wakubwa wakakusanyika chumba kimoja, wakavaa nguo zote, wakaziba chini ya mlango kwa taulo. Kikanza walikiweka mbali na kitanda na mapazia, wakakichomeka moja kwa moja ukutani bila waya wa kuongezea. Mdogo wangu akapiga namba ya dharura ya mafundi iliyokuwa imebandikwa mlangoni, namba ambayo hakuwahi kuisoma. Fundi alifika usiku mkubwa.

Sasa sikilizeni vizuri alichokikuta fundi, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Mashine hiyo wao wanaiita fanesi. Usifikiri ni jiko. Ni sanduku la chuma, refu karibu kama mtu, linalosimama katika chumba cha chini ya nyumba au ndani ya kijichumba. Gazi inaingia kwa bomba na kuwaka ndani ya sehemu iliyofungwa. Feni inasukuma hewa ya nyumba ipite kando ya chuma kile cha moto, ichukue joto, iende vyumbani kwa njia za bati. Moshi wa gazi hauingii vyumbani. Una bomba lake la kuutoa nje. Hewa ya kupumua na moshi havikutani kabisa. Hiyo ndiyo siri yote ya fanesi, na kila sheria ya usalama inalinda kitu hicho kimoja: moshi utoke, usirudi.

Gazi yenyewe si ngeni kwetu. Katika miji mingi ya kule inayopita bombani kwa sehemu kubwa ni metani, ileile iliyolala chini ya ziwa letu Kivu, ambayo ng'ambo ya Rwanda wanaitoa majini na kuifanya umeme.

Katika nyumba ya mdogo wangu mabomba ya fanesi ni mawili, meupe, ya plastiki, yanatokea ukutani kwa nje, chini karibu na ardhi. Moja linavuta hewa safi, jingine linatoa moshi. Mchana wa siku ile mdogo wangu alikuwa amefanya kazi nzuri ya kuondoa theluji njiani ili watoto wapite. Theluji yote aliirundika pale ukutani. Aliyafukia mabomba yote mawili bila kujua.

Ndani ya fanesi mna swichi ndogo inayosikia kama hewa inapita au haipiti. Ilisikia kwamba njia imeziba, ikakataa gazi isiwake. Mdogo wangu aliibonyeza, ikajaribu, ikakataa tena. Ndipo akanipigia akisema mashine imekufa.

Haikuwa imekufa. Ilijizima ili wao wasife. Na yeye alikuwa tayari kuleta mahali pake sufuria ya makala, ambayo haina swichi, haina bomba, haina akili ya kujizima. Moto wa makala hauoni watu waliolala.

Tuseme wazi kitu kinachoua. Jina lake ni kaboni monoksidi. Inatoka kila mahali moto unapowaka bila hewa ya kutosha: makala, kuni, gazi, petroli ya jenereta, gari. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unaokufanya ukohoe unakupa onyo. Hii haitoi onyo lolote. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu bado yanaitoa kwa wingi. Ikiingia katika damu inakaa mahali pa oksijeni, na inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anapumua vizuri lakini mwili unakosa hewa. Aliyelala haamki.

Sisi watu wa Goma tusiseme hatuelewi hewa isiyoonekana. Tunajua mazuku. Kila mtoto wa upande wa Bulengo na barabara ya Sake anajua kuna mashimo ambako mbuzi akishuka hapandi, na neno lenyewe tunalifasiri kuwa upepo mubaya. Mazuku ni gazi nyingine, kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano, nayo inakaa chini, mabondeni. Hii ya mbabula inachanganyika na hewa ya chumba chote, juu na chini. Lakini somo ni moja. Tunaweka alama mahali pa mazuku ili watoto wasipite, kisha jioni tunajitengenezea hewa ya kuua ndani ya chumba tunachofunga kwa ufunguo.

Hapa nasema maoni yangu, na najua wengine hawatayapenda.

La kwanza ni juu ya karuho. Sikatai kwamba watu wana chuki. Lakini kila tunapokuta watu wamekufa karibu na mbabula tukakimbilia kutafuta mchawi, tunafanya maovu mawili. Tunamtia hatarini jirani asiye na kosa, na tunaiacha mbabula ikae palepale ingoje familia nyingine. Vilevile juu ya malaria. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea: tunameza dawa ya malaria na kurudi kulala katika chumba kilekile. Jiulizeni swali moja. Je, tumeumwa wote kwa wakati mmoja, na tukitoka nje tunapata nafuu? Kama ndiyo, tokeni wote sasa hivi, fungueni kila kitu, mpelekeni mgonjwa hospitali na mwambieni muganga kwamba mlilala na moto ndani. Neno hilo moja linaweza kuokoa mtu, kwa sababu dawa yake ya kwanza ni oksijeni. Watoto wadogo na wamama wenye mimba wanaumia haraka kuliko wengine.

La pili ni juu ya aibu. Mdogo wangu aliishi katika nyumba ile zaidi ya mwaka mzima bila kujua yale mabomba meupe ni ya nini. Alifikiri ni ya maji machafu. Kabla ya safari walifundishwa mambo ya ndege, choo, shule, polisi. Juu ya fanesi alikumbuka neno moja tu, kwamba kitufe cha ukutani kinaleta joto. Na alipofika hakuuliza, kwa sababu mtu mzima mwenye watoto anaona haya kuuliza namna ya kukaa ndani ya nyumba. Aibu hii inaua. Si yeye peke yake, wala si wageni peke yao. Wamarekani zaidi ya 400 wanakufa kila mwaka kwa hewa hii kwa bahati mbaya. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, umeme ukakatika katika mamilioni ya nyumba, na wako waliochoma makala ndani au kuwasha gari katika gereji ili wapate joto. Wako waliokufa, watu waliozaliwa katika nchi ya fanesi. Texas ni mojawapo ya majimbo yaliyopokea Wakongomani wengi.

Kwa hiyo ninyi mlioko kule, na ninyi mlio na ndugu kule, pelekeni maneno haya kwa sauti za WhatsApp, kwa Kiswahili chetu.

Matayarisho ya baridi yanaanza Septemba na Oktoba, kabla ya theluji. Fundi mwenye kibali aje aifungue fanesi mara moja kwa mwaka, asafishe, aangalie kama chuma cha ndani hakijapasuka na kama bomba la moshi halijatoboka. Ukiwa mpangaji, mwombe mwenye nyumba afanye hivyo, na umwandikie ujumbe ili uwe na ushahidi. Katika miji mingi joto ni wajibu wake kwa sheria. Chicago kwa mfano, mwenye nyumba anayetoa joto lazima kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni afikishe nyumba digrii 68 za kwao wakati wa mchana, yaani 20 za kwetu. Kuuliza si ugomvi.

Chujio la hewa ni kazi yako mwenyewe. Ni kama karatasi nene ndani ya fremu, linalokamata vumbi. Lile jembamba hubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. La mdogo wangu halikuwa limeguswa tangu aingie, fundi alilitoa likiwa limejaa vumbi kama blanketi la zamani. Hewa isipopita, fanesi inapata moto kupita kiasi na kujizima, au inakula gazi nyingi na bili inapanda. Usifunike matundu ya hewa kwa kitanda wala kochi. Kando ya fanesi usiweke nguo, makaratasi, rangi wala petroli; acha nafasi ya karibu metre moja. Kijichumba chake si gala.

Nje, tafuta mabomba ya fanesi yako leo, kabla ya theluji, uwaonyeshe na watoto. Kila theluji inapoanguka, nenda ukayafukue kwa mkono. Kisha zibeni baridi inayoingia bure: plastiki ya dirishani, kitambaa chini ya mlango. Baridi ikizidi sana, acheni bomba la maji lidondoshe tone tone ili lisigande na kupasuka. Mkisafiri msizime joto lote, liacheni angalau digrii 13 za kwetu.

Juu ya yote, kengele ya kaboni monoksidi. Ni kitu kidogo cha kubandika ukutani. Kiwe kila ghorofa na karibu na mahali mnapolala. Kibonyezeni kila mwezi kusikia kama kinalia, badilisheni betri, na angalieni tarehe nyuma yake kwa maana kinazeeka baada ya miaka kadhaa. Kikilia usiku, msikinyamazishe mkarudi kulala. Tokeni wote nje, hesabuni watoto, mpige 911. Mkikosa Kiingereza semeni neno «Swahili», mara nyingi wanatafuta mkalimani.

Mkisikia harufu ya yai bovu, hiyo ni harufu inayowekwa katika gazi makusudi, maana metani haina harufu yake. Msiwashe taa, msizime taa, msipige simu mle ndani. Tokeni, mkiwa mbali ndipo mpige simu. Na jiko la gazi ni la kupikia. Msiliwashe likiwa wazi ili kupasha nyumba joto.

Kwa wanaoshindwa bili, kuna mpango wa serikali yao unaoitwa LIHEAP wa kusaidia familia zenye kipato kidogo kulipia joto. Namba 211 inaweza kuwaelekeza. Kuomba msaada wa joto ni afadhali kuliko kuzika mtoto.

Sasa nije kwenye kufunga fanesi mpya. Mwaka jana mdogo wangu alinunua nyumba yake mwenyewe, ya zamani, na fanesi yake imezeeka. Tulifurahi sana huku nyumbani. Kisha akaniambia kwamba kuna mtu wetu mmoja, mtu mwema anayesali naye, amemwambia: «Niko na fanesi ya mkono wa pili, nitakufungia kwa nusu ya bei, mchana mmoja tu, hakuna haja ya karatasi za mji.»

Sisi tunawajua mafundi wa namna hiyo. Ndio wanaotuunganishia umeme kwenye nguzo kwa waya wa kuanikia nguo. Anayeishi Bukavu anajua moto unavyoruka kutoka mbao hadi mbao huko Kadutu baada ya kazi kama hizo. Nilimuuliza mdogo wangu maswali haya, nami nilikuwa nimeyaokota kwa fundi mmoja wa gazi hapa mjini na kwa kusoma. Fanesi ile ilitengenezwa kwa gazi ya bombani au kwa propani ya tanki? Maana hizi mbili haziwaki sawa, matundu na nguvu ya gazi ni tofauti, na ukikosea moto unakuwa wa njano na kutoa sumu. Ukubwa wake umepimwa kwa nyumba yako, au ni iliyopatikana tu? Bomba la moshi la zamani linafaa kwa mashine hiyo, au linahitaji jipya? Atapima viungo vyote kama gazi haivuji? Atapima moshi kwa kifaa chake kabla ya kuondoka? Na nani ataitwa ikikosea usiku?

Hakuna hata swali moja alilopata jibu.

Karatasi ya mji tunaidharau kwa sababu kwetu karatasi mara nyingi ni njia ya kula pesa. Lakini katika miji mingi ya kule kibali cha kufunga fanesi kina maana kwamba mkaguzi wa mji atakuja kutazama kazi ya fundi. Ni jicho la pili. Katika mambo ya gazi jicho la pili ni uhai. Mdogo wangu alingoja miezi miwili, akakusanya pesa, akamwita fundi mwenye kibali. Iligharimu. Yule mtu mwema alikasirika kidogo, kisha yakaisha.

Naona wengine mnasema: ripota, habari ya fanesi inatuhusu nini sisi wa bashi na mbao? Inawahusu. Nyumba tu ndiyo imebadilika, moto ni uleule. Yale ambayo fanesi inafanya kwa swichi na mabomba, sisi lazima tuyafanye kwa mikono yetu, kwa kuwa mbabula haitayafanya.

Kwa wenye chupa ya gazi, na hapa mjini wanaongezeka, jambo ambalo nalishukuru kwa sababu msitu wa Virunga umechoka na makala yetu: gazi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kungoja cheche. Chupa isimame wima, mahali penye hewa, isiwe kando ya mbabula inayowaka. Mpira ukipasukapasuka badilisha, usiufunge kwa mpira wa baiskeli. Kila unapofunga chupa mpya, paka maji ya sabuni kwenye kiungo. Yakitoa mapovu, inavuja. Usipime kwa kiberiti. Kabla ya kulala funga kwenye chupa yenyewe, si kwenye jiko tu. Ukisikia harufu, fungua mlango, usiguse swichi wala kiberiti, toa watoto.

Kwa wenye mbabula, sitawaambia msiwashe moto. Nimelala katika kibanda cha bashi, najua baridi inayopanda kutoka ardhini na mtoto anayetetemeka mgongoni. Mtu anayewaambia «acheni makala» bila kuwapa kitu kingine hajalala huko. Ninachowaomba ni hiki. Pikeni nje chini ya baraza, au mlango ukiwa wazi kabisa. Mkimaliza kuota, mbabula itoke nje kabla ya mtu wa kwanza kulala, iwe mbali na bashi, na makala yazimwe kwa majivu au mchanga. Msiseme «yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi». Hayo ndiyo yaliyomuua mama yule.

Mahali pa mbabula usiku, tieni maji ya moto katika chupa au kibidoni kinachofungwa vizuri, mkifunge kwa kitambaa kizito kisichome, mkiweke miguuni. Wekeni majani makavu au makartoni chini ya mkeka, kwa maana baridi kubwa inatoka chini. Watoto walale pamoja, nguo kavu, kofia kichwani, wamekula kitu cha moto. Zibeni upepo upande unakotoka mvua, lakini acheni nafasi juu upande mwingine. Nyumba inapaswa kupumua kama mtu.

Na kwa wanaogawa bashi na blanketi, mashirika na viongozi, nasema kwa heshima: blanketi moja kwa watu watano ni kuwaambia walale na makala. Mkihesabu bashi, hesabuni na blanketi. Na mnapogawa, wekeni mtu mmoja aseme kwa dakika mbili, kwa Kiswahili, habari ya hewa hii. Wachungaji, mapadri, mashehe, wamama viongozi wa vikundi, semeni kabla ya msimu wa mvua. Haihitaji pesa.

Mdogo wangu alinipigia tena majuzi, safari hii saa ya kawaida. Alinionyesha kwa kamera ukuta wa nyumba yake mpya. Mabomba mawili meupe yalikuwa wazi, na kando yake alikuwa amesimika fimbo yenye kitambaa chekundu, ili hata theluji ikiwa nyingi watoto wajue pa kufukua. Nikamuuliza fimbo ile aliona wapi.

Akacheka. «Yaya, umesahau? Si hivyo tulivyokuwa tunaweka alama mahali pa mazuku?»

Nami nawaomba, usiku wa leo kabla hamjafunga mlango, tazameni mbabula iko wapi. Kisha mtumieni neno hili mtu mmoja aliye mbali na mmoja aliye karibu.